Mguu wa Kulia Kwanza, Nyuma

Mke wangu hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejua la kufanya, maana kwa kelele mimi ni bingwa, majirani wote wa Njoro wanalijua hilo. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo, wala hakuinua uso.

"Masika yakikatika mdogo wangu anaolewa," alisema. "Bwana harusi ni karani, ametaka dansi. Baba watoto, miaka kumi na miwili nimekaa ukutani. Safari hii utaninyanyua."

"Na nisipokunyanyua?"

"Watu wenye mikono wapo." Akatupa jiwe nje, akaendelea kuchambua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza, na Moshi nzima ilikuwa imeingiwa na dansi. Harusi bila dansi ilionekana kama matanga. Hata huko juu mlimani, watu wakishatoka kanisani, wakishakula na kunywa, madawati ya darasa yalisukumwa pembeni na vijana wakaanza kuzungushana. Mimi nilikaa ukutani. Na kwa kuwa mimi nilikaa, mke wangu naye alikaa. Mikono yake aliiweka mapajani kwa adabu, lakini chini ya benchi mguu wake mmoja ulikuwa hautulii. Niliuona mguu ule kila harusi. Nilijifanya siuoni.

Si kwamba sikupenda. Niliogopa. Nilipokuwa kijana, kabla sijaoa, msichana mmoja aliwahi kunivuta katikati ya watu nikasimama kama nguzo ya ua, jasho linanitoka, mpaka akaniacha hapohapo akaenda zake. Watu walicheka jioni nzima. Tangu siku ile niliamini miguu yangu na muziki haviivi chungu kimoja. Mke wangu alikuwa akinishangaa. "Kutwa nzima unakanyaga cherehani bila kukosea," alisema, "miguu hiyohiyo inakufa ganzi harusini?" Lakini cherehani haicheki, jamani. Cherehani haina shangazi zake waliokaa benchi la mbele.

Nilisema mimi ni bingwa wa kelele. Ngoja niseme na ukweli wa upande wa pili. Mimi ni mtoto wa kati. Kwetu mlimani neno hilo halihitaji maelezo, ila kwa asiyejua: kaka mkubwa hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake, na mdogo wa mwisho hubaki na kihamba cha baba. Wa kati hupewa baraka. Ndizo nilizoshuka nazo mjini, nikajifunza ushonaji. Nyumbani mbuzi akichinjwa, kila mtu alikijua kipande chake, mimi niliambiwa ngoja kwanza. Nikawa hodari wa kungoja. Kwa hiyo kelele zangu ni za kwa wateja na majirani. Akisimama mbele yangu mtu anayepanga watu, wewe hapa, wewe pale, sauti yangu hukauka, nikaenda nilipopangwa. Nimekuwa hivyo tangu utoto na nimejichukia kwa hilo maisha yangu yote.

Habari za darasa nilizipata kwa mteja. Alisema kuna kinyozi mmoja mjini, mtu wa makamo, Mwislamu wa familia za kale za pale mjini, aliyewahi kukaa Tanga na kucheza dansi huko mpaka akapewa zawadi ya kikombe. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa akifundisha wanaume watu wazima wasiojua kabisa, katika ghala la kahawa ambalo msimu ule lilikuwa tupu. Nilicheka sana. "Watu wazima na ndevu zao!" nikasema. Mteja alipoondoka nikaanza kuhesabu Jumapili zilizobaki mpaka harusi. Zilikuwa kumi na moja.

Jumapili ya kwanza nilibeba suruali. Niliikunja vizuri nikaiweka kwapani, nikamwambia mke wangu napeleka kazi ya mteja. Nikapita mbele ya ghala nikitazama mbele kama mtu mwenye haraka zake. Nikafika mwisho wa barabara, nikarudi. Nikapita tena. Moyo ulikuwa unanidunda kama mwizi, na hakuna nilichoiba. Mara ya tatu kinyozi alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Bwana, hii mara ya tatu."

"Namtafuta mteja wangu," nikasema, nikamwonyesha suruali.

"Basi ingia umtafute ndani." Akanishika bega. "Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Ingia."

Nikaingia. Nilikuta wanaume kumi na mmoja wamejibanza ukutani, kila mmoja anatazama viatu vyake. Kulikuwa na mpishi wa wazungu, fundi seremala, mapolisi wawili waliovaa kiraia, na dereva mmoja wa lori, pande la mtu, mwenye sauti ya upole kuliko mwili wake. Ghala lilinuka magunia. Sakafuni kinyozi alikuwa amechora nyayo kwa chaki, za kwenda na za kurudi, na juu ya kreti kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono.

Wanawake hawakuwepo. Mke wa mtu, Moshi ya siku zile, aende ghalani mchana kweupe akashikwe kiuno na wanaume wageni? Angesemwa mpaka habari zimfikie babu yake. Kwa hiyo kinyozi alitupanga. "Warefu huku, wafupi huku." Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote. Akachukua vitambaa vyeupe akawafunga wafupi mkono wa kushoto. "Wenye vitambaa ni wanawake," akasema. "Leo tu. Jumapili ijayo tutabadilishana."

Mimi nilipewa yule dereva.

Alinishika kwa uangalifu, kama anashika yai. Kinyozi akahesabu: moja, mbili, tatu. "Wanaume, kushoto mbele! Wanawake, kulia nyuma!" Dereva akanikanyaga. Akaomba radhi. Akanikanyaga tena, akaomba radhi tena. Ilipofika saa kumi nilikuwa natembea kwa visigino, na kitambaa changu kimelegea kikaanguka. Kinyozi akakiokota, akatazama ncha zake zilivyochanika, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi fundi cherehani. Lo, kinywa changu! Jumapili ya pili nilikwenda na vitambaa sita vipya nilivyovishona mwenyewe, vimepindwa kingo, na kimoja katika hivyo nikafungwa mimi.

Waliobadilishwa walikuwepo. Mpishi wa wazungu alilalamika Jumapili ya pili, akavuliwa kitambaa. Seremala alisema wazi kwamba yeye hakuacha chakula chake kuja kuwa mwanamke, watu wakacheka, akavuliwa. Mimi kila Jumapili nilingoja. Kinyozi alikuwa na neno lake: "Fundi, Jumapili ijayo." Na Jumapili ijayo ikifika, dereva tayari amesimama mahali petu ananisubiri, mikono ameinua, uso umejaa shukrani. Hakuna mwingine aliyetaka kukanyagwa na mtu yule. Basi nikaenda.

Mvua za masika zilipiga bati la ghala mpaka muziki haukusikika, ikabidi tucheze kwa kuhesabu vidole vya kinyozi. Katika kelele ile nilianza kujifunza. Siwezi kusema uongo, nilijifunza. Dereva alikuwa na dalili zake. Kabla ya kugeuka alivuta pumzi. Akitaka kunizungusha alinibonyeza mgongoni kwa kidole gumba, kidogo tu, na mwili wangu ukaitika kabla mimi sijafikiri. Mguu wa kulia kwanza, nyuma. Kushoto pembeni. Funga. Sikutazama tena chaki. Kadiri nilivyokuwa mwepesi, naye dereva alinyooka, akaacha kunikanyaga, akaanza kutembea kwa madaha kama bwana mkubwa. Nilifurahi, Mungu ananiona. Kisha nikarudi nyumbani na suruali yangu kwapani, nikakumbuka mke wangu hatahitaji mtu wa kwenda kinyumenyume.

Nikajaribu mwenyewe. Asubuhi na mapema kabla ya kufungua duka nilishika ufagio, nikausimamisha, nikajiambia leo mimi mwanamume, kushoto mbele. Nikahesabu moja. Mguu wa kulia ukarudi nyuma. Nikajitukana, nikaanza upya. Mguu ukarudi nyuma. Nilikwenda kinyumenyume na ufagio wangu mpaka nikagonga meza ya kukatia nguo. Nilikaa chini pale nikajionea huruma. Nilikuwa nimeshayavulia maji nguo, lakini nilikuwa naoga mto ambao sio.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Mteja gani huyu asiyeridhika na suruali?"

"Ni mtu mgumu."

"Wiki ya nane sasa. Amekuwa na miguu mitatu?"

Ningemwambia pale. Ningemwambia, mama watoto, simama hapa, tusaidiane. Nilitaka kumshtukiza, ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba ningemwambiaje? Kwamba mumeo anajifunza, na anachojifunza ni kuwa mwanamke?

Jumapili ya tisa niliamua. Njia nzima nilikuwa nakariri: mwalimu, mimi nina mke, nataka kujifunza upande wa mwanamume. Maneno machache, hata mtoto angeyasema. Nikaingia, nimeshafungua kinywa, kinyozi akapiga makofi kunyamazisha watu. Akaniita katikati, akamwita na dereva, akaweka santuri. Tulicheza peke yetu, wote wakitutazama. Muziki ulipokwisha akaninyooshea mkono.

"Mmemwona fundi? Hapingi, hasukumi, hatangulii. Mwanamke ndiye huyu!"

Wakanipigia makofi. Watu wazima kumi na mmoja, na yule mwalimu mwenye kikombe cha Tanga, wananipigia mimi makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi tangu nizaliwe. Sentensi yangu ikarudi tumboni. Nilitabasamu, jamani, nikainama kama nilivyofundishwa. Dereva akaninong'oneza, "Fundi, bila wewe ningekuwa wapi?" Jumapili mbili za mwisho sikujaribu hata kukariri.

Harusi ikafika. Wakwe zangu wanakaa Old Moshi, juu, na siku ile ilikuwa imetakata, mlima uko wazi mpaka kileleni. Mke wangu alivaa gauni la bluu nililomshonea mimi na viatu vipya vilivyokuwa vikimbana. Tulikwenda kanisani, tukaja kihambani kwa baba mkwe, tukala ndizi na nyama, wazee wakapokezana kata za mbege, pombe yetu ya ndizi. Saa tisa tukahamia shuleni. Watu wa bwana harusi walikuwa wamepandishwa kwa lori kutoka mjini, pamoja na bendi ya watu watano. Mlangoni alisimama dereva wa lori lile, amevaa koti, na alikuwa yuleyule wa ghalani. Akanipungia mkono kwa furaha ya kweli.

Maharusi walifungua. Kisha wengine wakaanza kunyanyuka, wawili wawili. Mke wangu alinigeuzia uso tu, na mguu wake chini ya benchi ulikuwa umetulia tuli. Nikaogopa utulivu ule kuliko kitu chochote.

Nikasimama. Nikainama mbele yake jinsi dereva alivyokuwa akiinama mbele yangu. Shangazi zake wakapiga kigelegele. Uso wa mke wangu ulifunguka, sijawahi kuuona umefunguka vile tangu siku ya ndoa yetu, akanipa mkono, tukaenda katikati.

Bendi ilikuwa inapiga ile ya hesabu ya tatu, naijua kama jina langu. Nikaweka mkono wangu wa kushoto begani kwake. Yeye naye akaweka wake begani kwangu. Tukasimama tumeshikana mabega kama watu wanaoamuliwa ugomvi. Nikahesabu moja, na mguu wa kulia ukarudi nyuma. Akanifuata hatua moja akidhani ndivyo inavyokuwa. Nikashtuka, nikajikumbusha, kushoto mbele, nikautupa mguu mbele kwa nguvu ukatua juu ya kiatu chake kipya. Akauma midomo. Kutoka benchini mtu mmoja akacheka.

"Nishike basi," akaninong'oneza. "Nipeleke."

"Wapi?" nikasema.

Sikuwa nafanya mzaha. Sikujua kweli. Jumapili kumi na moja nilikuwa nikipelekwa, sikuwahi kujiuliza aliyenipeleka anajuaje pa kwenda. Nikasubiri kidole gumba mgongoni. Hakikuja. Watu walitupita kushoto na kulia, tumesimama katikati kama mawe mawili mtoni, na nilisikia kicheko kikihama kutoka benchi hadi benchi mpaka kikafika kwa kaka zake. Mke wangu alikuwa ananitazama machoni. Alikuwa bado ananingoja.

Ndipo dereva akaja. Alikuja kwa heshima zote, kofia mkononi, na najua alikusudia kuniokoa. "Fundi, kwa ruhusa yako. Nimwombe shemeji huu mmoja."

Ningesema nini? Nilimtazama mke wangu, yeye akatazama chini. Nikatoa mkono wangu begani kwake. Nikarudi ukutani.

Walicheza. Mke wangu hakuwahi kufundishwa hata siku moja, na alicheza. Hatua tatu za kwanza alisita, kisha akaachia, gauni la bluu likaanza kuzunguka. Mimi nilikaa pale nikijua kila kitu. Dereva akivuta pumzi nilisema moyoni, sasa atageuka, akageuka. Sasa atambonyeza na kidole gumba, akambonyeza, na mgongo wa mke wangu ukaitika palepale ulipokuwa ukiitika mgongo wangu. Yule mtu asiyejua kuinua mguu, niliyekanyagwa naye mpaka kucha zikang'oka, nilikuwa nimemkanda mimi mwenyewe kama unga, Jumapili baada ya Jumapili, akaiva, nikampa mke wangu. Chini ya benchi miguu yangu ilikuwa inakwenda nyuma, pembeni, funga. Sikuweza kuizuia. Machozi yalinijaa, nikajifanya napenga kamasi.

Wimbo ulipokwisha dereva alimrudisha mpaka mbele yangu. Mke wangu alikuwa anahema, paji la uso linang'aa jasho, na hakuwa ananichukia, ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa na furaha tu. Akamwambia dereva, "Asante, kaka. Nani alikufundisha?"

"Ala! Shemeji hujui?" Sauti ya yule bwana siku ile ikapanda, baba mkwe akasikia, kaka zake wakasikia. "Ni huyu hapa! Jumapili zote hizi fundi ndiye alikuwa mwanamke wangu. Ghala zima hakuna mwanamke aliyemfikia!"

Sitaeleza kicheko kile. Baba mkwe alimwaga mbege. Mashemeji wakanipa jina la Mama Dansi papo hapo, na wapo wanaoniita hivyo mpaka sasa wakinikuta sokoni. Dereva alitazama huku na huku asielewe amekosa nini. Mke wangu peke yake hakucheka. Aliketi karibu nami, akavua viatu, akakaa hivyo mpaka sherehe ikaisha.

Tulishuka kwa miguu jua likiwa bado lipo. Hatukutaka lori. Alitangulia yeye, viatu mkononi, mimi nyuma, kwenye njia nyembamba kati ya migomba. Tulivuka mfereji wa kwanza wa kumwagilia migomba. Tulipovuka wa pili akauliza bila kugeuka.

"Kwa hiyo ile suruali."

"Ilikuwa yangu."

"Ulikwenda mara ngapi?"

"Jumapili kumi na moja."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Akatembea kidogo. Kisha akasimama, akageuka, na kwa upole, bila dharau yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua, akaniuliza:

"Na katika Jumapili zote hizo hukumwambia mwalimu hata mara moja kwamba wewe ni mume wangu?"

Nilifungua kinywa. Alinisubiri pale njiani muda mrefu, jinsi alivyonisubiri katikati ya watu. Alipoona hakuna kinachokuja, akageuka akaendelea kushuka, nami nikamfuata.